Bati Nilizolipia kwa Kadi

Rashi ya dhahabu ilipolipuka upande wa chini wa shamba langu la mihogo, kati ya Nyangoto na Kerende, kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa njia ya maji. Dhahabu huonwa na mtu mmoja, na kesho yake wanaamka watu wa kila kabila na sururu begani. Walikuja Wasukuma, walikuja Wajaluo, walikuja watu wa Sirari mpakani na wa ng'ambo, Kenya, walikuja vijana ambao mama zao hawakujua wamelala wapi. Wakachimba. Duara hapa, duara pale, na duara ni shimo tu, msidanganywe na jina. Ile njia ya kushuka chemchemini, ambayo mama mkwe alinionyesha nilipoolewa, ikawa inapita katikati ya mashimo kama ulimi katikati ya meno.

Nilikuwa nakaa na wajukuu watatu, wote wa kike. Mama yao alikuwa Mwanza anatafuta maisha. Kila asubuhi kabla ya shule walishuka na madumu. Mkubwa wao alikuwa ameanza kuota kifua, na wanaume wa rashi hawana shangazi. Mtu akiwa kwao anaogopa, kuna mjomba, kuna jirani, kuna mchungaji. Akija kwenye rashi, aibu anaiacha kwenye kiti cha basi. Walimwita yule mtoto, walimshika dumu, na siku moja mmoja wao akamwaga maji yake yote kusudi, ili ashuke tena. Mtoto akarudi na dumu tupu, hataki kusema. Wadogo zake ndio waliosema.

Nilichukua mwiko wa ugali, nikateremka, nikampata yule kijana ameketi kwenye kifusi anakula muwa. Nilimpiga mgongoni mpaka mwiko ukalia. Wenzake walicheka wakashika mbavu, wakimwita kijana kwa Kikurya. "Mura, umechapwa na mama lishe!" Nikawaambia, "Na nyie mkitaka, mgongo uko wapi?" Hakuna aliyetaka.

Lakini mwiko hauwezi kukaa njiani kila siku, una kazi ya kupika. Nilitaka maji yaje nyumbani, wale watoto wasishuke tena kule. Nilichokitaka ni hicho, na mambo yote nitakayosimulia yanatoka hapo.

Nyumba yangu ilikuwa ya nyasi. Nyasi haikupi maji. Mvua ikinyesha, maji yanayodondoka ni ya rangi ya chai na yana harufu ya panya. Ukitaka maji ya mvua uwe na bati, chini ya bati mfereji, chini ya mfereji tangi. Bati nilikuwa naweza kuzikaribia. Miaka ya nyuma niliponda mawe ya watu kwa nyundo, tukikaa wanawake kwa safu kama kuku kwenye kijiti, na rashi ilipokuja nikaacha nyundo nikashika sufuria. Ugali wa udaga wa mihogo na mtama, dagaa, maharage, na siku ya mnada nyama. Mchimbaji anakula kama anamkomoa mtu. Nilipata. Lakini tangi kubwa bei yake ni ya ng'ombe mzuri mwenye maziwa. Nikinunua bati, tangi lingengoja mpaka wale wasichana waolewe.

Benki yenyewe ndiyo ilitufuata. Walikuja na hema na muziki, wakaliweka pale penye vibanda vya mama lishe, wakatuandikisha. Tulitoa vitambulisho, tukapigwa picha, tukapewa kila mmoja kadi. Kwa muda mrefu yangu ilikaa ndani ya kopo la chumvi. Hela nilikuwa natia kwa wakala tu na kutoa kwa wakala. Mpaka siku yule binti wa benki, mwenye nywele fupi kama mvulana, alirudi kutuambia habari ya zawadi.

"Bibi, shikamoo. Ile kadi unalipia?"

"Marahaba. Nilipie nini, dagaa? Muuza dagaa atanipiga."

"Ukilipa dukani kwa kadi, benki inakupa pointi. Msimu huu, ukinunua kitu kikubwa kwa mkupuo mmoja, pointi zinakuja nyingi, unachagua zawadi."

Akafungua karatasi yenye picha. Kulikuwa na chupa ya chai. Kulikuwa na blanketi. Kulikuwa na taa ya jua. Na chini kabisa, jeusi, limekaa kama mwanamke mnene aliyekuja msibani, kulikuwa na tangi la maji.

Nikaweka kidole juu yake. "Hili linataka kitu kikubwa kiasi gani?"

Akanitajia. Ilikuwa bei ya bati za nyumba nzima. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule, si kibanda.

"Kwa hiyo ni nyongeza," nikamwambia. "Mtu akinunua maharage kisado kizima, unamwongezea na gao moja."

"Ndiyo bibi, ndiyo hivyo hivyo. Ila malipo yawe ya kadi moja, mara moja, kabla msimu haujaisha. Pointi zikigawanyika kwenye kadi za watu watatu, kila mmoja ataondoka na chupa ya chai."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Jioni nilikwenda kwa mke mwenzangu. Mume wetu alikuwa ameshakufa, yeye ndiye mkubwa, mimi mdogo, na tangu mwanamume afe tulikuwa tumeanza kupendana. Nikamweleza.

"Pointi zinaliwa?" akauliza.

"Haziliwi."

"Zinafugwa?"

"Hazifugwi. Zinageuka tangi."

"Mke mwenza, hiyo ni kazi ya mganga, si ya benki." Lakini nilimwona anafikiri. Yeye naye alikuwa na magoti mabovu kama yangu, na chemchemi ni ile ile. "Na hela yote hiyo unayo?"

Sikuwa nayo yote. Nilikuwa na sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki ndiyo ilikuwa na shida, na shida yake haikuwa uhaba.

Kwetu mjane haezeki nyumba peke yake. Ukiezeka peke yako wanasema umejitenga na ukoo, na ukifa watakuja kukuzika wamenuna. Kila ndugu wa mume huleta bati zake. Ananunua kwa mkono wake, anazileta na mkokoteni kupitia katikati ya kijiji, na upande wa ndani anatia alama, huyu mstari wa rangi nyekundu, yule msalaba, mwingine kiganja chake chote. Ukilala chali unausoma ukoo mzima. Ni heshima, sikatai. Na ni kamba shingoni. Kuna mjane namjua, aligombana na shemeji zake kwa sababu kiwanja chake kilionekana kina mawe ya dhahabu na yeye hakutaka kichimbwe. Walikuja asubuhi, kila mmoja na nyundo yake, kila mmoja akang'oa bati yenye alama yake. Hawakumpiga, hawakumtukana. Wakamwachia zile alizonunua mwenyewe, za juu ya jiko. Mama yule alilala jikoni na watoto wake masika yote.

Na shamba langu la mihogo, nimeshawaambia liko wapi.

Basi mimi nilihitaji michango yao, lakini niliihitaji kama hela, iingie kwenye kadi yangu, itoke kwa mkupuo mmoja, bati ziwe za mnunuzi mmoja. Nikaomba kikao. Nilipika kuku. Walikuja, na mkubwa wao, kaka wa marehemu, akakaa kwenye kiti cha mgongo, fimbo katikati ya miguu. Mtu mwenye sauti nzuri na akili ya kutosha, lakini anapenda kuonekana. Nikaeleza kadi, nikaeleza mkupuo, nikaeleza tangi.

Alisafisha koo. "Shemeji, kuku ni mzuri. Bati zangu nitanunua mwenyewe."

"Nipe hela, shemeji."

"Hela haina sura. Bati ina sura. Watu wataiona na kujua huyu amefanya nini."

Mke mwenzangu akamdaka, maana shemeji hutaniwa. "Hata wewe huna sura, na bado tunakuita kwenye vikao."

Walicheka. Yeye hakucheka. "Mwanamke akikusanya fedha za ukoo ndani ya kikaratasi cha plastiki kama kadi ya kliniki, kesho atasema nyumba ni yake."

"Ni ya nani?" nikauliza.

Mmoja akaanza kutafuta nyama katikati ya meno. Niliona nikisema neno la hasira hapo, tumemalizana, kila mtu ataondoka na bati zake kichwani mwake. Nikajimiminia maji, nikanywa, nikaanza upya kwa sauti ya chini.

"Shemeji, nilipoolewa, ng'ombe wangapi walitoka zizini kwako?"

Akainua kichwa. Hilo alilipenda. "Wawili. Na mmoja alikuwa na mimba."

"Uliwapeleka kwetu wewe peke yako, siku yako, na huyu naye wake siku yake?"

"Unanitukana? Mahari haipelekwi vipande vipande kama mchicha. Waliwekwa kundi moja."

"Na aliyesema mbele ya baba yangu?"

"Msemaji mmoja. Wengine wote midomo ilifungwa."

"Sawa. Sasa wale ng'ombe wako wawili, tangu siku ile, umeshakuja kudai mguu wangu mmoja?"

Sijawahi kusikia wanaume wakicheka vile nyumbani kwangu. Mke mwenzangu alipiga kelele, "Adai goti! Adai lile bovu, alibebe!" Hata yeye mwenyewe fimbo ilimdondoka. Aliiokota polepole, na alipoinuka nilijua ameshindwa, lakini pia nilijua lazima nimpe mahali pa kusimama. Mwanamume ukimshinda mbele ya wadogo zake halafu usimpe kiti, atakutafutia ubaya.

"Kama ni kama mahari," akasema, "basi msemaji nitakuwa mimi. Hiyo kadi itakabidhiwa kwa mkono wangu."

"Itakabidhiwa kwa mkono wako," nikasema.

Hela zikaja. Kaka yangu wa ng'ambo naye alituma za Kenya, nikazibadilisha Sirari. Zote nikaziingiza kwa wakala, na kila nilipoingiza nilimwonyesha shemeji ujumbe kwenye simu, na yeye akatikisa kichwa kama anasoma Injili.

Siku ya kwenda Tarime nilivaa gauni la kanisani. Shemeji alivaa koti na kofia. Mke mwenzangu alikuja pia, akasema hawezi kukosa kumwona mtu akinunua nyumba kwa kitu cha kukunia mgongo. Tukaingia duka la vifaa vya ujenzi, kubwa, bati zimepangwa mpaka juu. Mwenye duka alitupokea kwa viti na soda. Akahesabu bati, kofia za bati, misumari. Kisha nikatoa kadi kwenye kitambaa.

Soda yake ikakosa utamu palepale. "Mama, kadi? Lete taslimu. Ukileta taslimu nakuachia misumari yote na kofia bure."

"Bure kabisa?" shemeji akauliza.

"Bure, mzee. Kadi inatukata sisi wafanyabiashara. Benki iko hapo juu, mkatoe, mrudi."

Shemeji akanivuta pembeni. "Shemeji. Misumari yote."

"Misumari haichotwi kwa kikombe."

"Lakini kofia pia!"

"Hiyo uliyovaa inatosha." Nikamrudia mwenye duka. "Baba, mashine ya kadi unayo, naiona ile pale nyuma ya kopo la rangi. Kama huitaki hela ya kadi, sema, maduka yako mengi barabara hii na mimi miguu bado ninayo."

"Mmoja mbovu," mke mwenzangu akasema.

Mwenye duka akamwita binti wa kaunta. Mashine ikafutwa vumbi. Binti akatumbukiza kadi kabla hata shemeji hajajiandaa, mimi nikabonyeza namba yangu. Mashine ikafikiri. Ikafikiri. Ikatoa kikaratasi kidogo na binti akasoma bila kuniangalia.

"Imekataliwa."

Neno hilo lilisikika duka zima. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini wakageuka. Mwenye duka akafungua mikono yake kama mtu aliyekwishasema. Na shemeji, Mungu amsamehe, akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Nilijua. Mimi nilijua. Fedha ya ukoo imemezwa."

Niliwaona wale watoto na madumu yao. Nikamuuliza binti, "Imekataliwa au imeisha? Sema vizuri, mwanangu."

"Haijaisha, bibi. Kiasi ni kikubwa kuliko kikomo cha siku. Wanaweza kukiongeza hapo benki, wewe mwenyewe uende."

Nikasimama. "Shika bati zangu," nikamwambia mwenye duka. "Usimuuzie mtu hata moja."

Benki ilikuwa na ubaridi kama chumba cha maiti. Kijana wa tai alinisikiliza vizuri, akasema ni jambo dogo, niweke tu kidole gumba kwenye kile kioo waone ni mimi. Nikaweka. Kikawaka taa nyekundu. Nikafuta, nikaweka tena, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Kijana akanishika mkono, akageuza kiganja changu kwenye mwanga.

"Bibi, vidole vyako havina mistari."

Sikujua. Nani huangalia vidole vyake? Nikaangalia. Vilikuwa laini na vinang'aa kama kijiko cha zamani. Ile miaka ya kuponda mawe, mawe yalikuwa yananiponda na mimi. "Siku mliponiandikisha mlichukua kipi?" nikauliza.

"Vyote kumi. Hapa vingine vimeandikwa havisomeki." Alionekana anaona aibu kwa niaba ya mashine. "Tujaribu mkono wa kushoto."

Tukajaribu. Nyekundu. Nyekundu. Shemeji aliyekuwa amekaa nyuma alianza kuguna kama ng'ombe anayelala. Nyekundu. Kikabaki kidole cha mwisho, kile kidogo cha kushoto, ambacho wakati wa kushika jiwe hukaa nje kimejinyoosha kama mgeni. Nikakipumulia, nikakifuta kwenye gauni la kanisani, nikakiweka.

Kijani.

"Hiki kimekubali!" yule kijana akasema, na akafurahi kweli, nilimwona.

"Hiki hakijawahi kufanya kazi tangu kizaliwe," nikamwambia. "Katika kila ukoo lazima awepo mmoja wa namna hii." Mke mwenzangu akamtazama shemeji kwa muda mrefu. Shemeji akatazama dari.

Tuliporudi dukani watu walikuwa wameongezeka. Habari za bibi wa Nyangoto aliyekataliwa na mashine zilikuwa zimeshuka mpaka stendi. Safari hii nilimpa shemeji kadi. Ahadi ni ahadi. Akavua kofia, akasimama katikati ya duka, akainua kadi juu kwa mikono miwili, na akasema maneno, si ya utani, maneno yale ya siku ya kukabidhi ng'ombe: kwamba sisi ni watu wa nyumba fulani, kwamba hatukuja kwa njaa wala kwa vita, kwamba kilichomo humu kimetoka kwenye mikono mingi na sasa kinatoka kwa mkono mmoja, na anayekipokea akipokee kwa moyo mweupe. Mpimaji wa mbao aliacha msumeno. Hata mimi nilimkumbuka mume wangu.

Binti wa kaunta akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaitumbukiza. "Namba ya siri."

Shemeji akanitazama. Namba hakuwa nayo.

"Anaweka mwenye kadi," binti akasema. "Na wewe mzee, naomba ugeuke."

"Nigeuke?"

"Wote wanageuka, mzee. Ni namba ya siri."

"Mimi ndiye msemaji!"

"Ndiyo, mzee, umesema vizuri sana. Sasa geuka."

Akageuka. Mkubwa wa ukoo, koti, fimbo, kofia mkononi, akasimama anatazama matoroli na majembe, na nyuma yake mwanamke aliyeishia darasa la pili akabonyeza namba nne kwa kidole kisicho na mistari. Mashine ikafikiri. Kisha ikaanza kutema karatasi, krrr, krrr, ndefu, na kabla haijamaliza simu yangu ikalia kifuani. Mke mwenzangu, ambaye hajui kusoma hata kidogo, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wale wa bodaboda wakapiga honi bila kujua wanampigia nani.

"Nigeuke sasa?" shemeji akauliza.

Nyumba iliezekwa wiki ile ile. Ndani bati zilikuwa nyeupe tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi aliuliza kama kuna rangi ya kutia, nikamwambia ashuke ale.

Tangi halikuja. Yule binti wa nywele fupi alikuwa amenipigia, nikachagua, akasema subiri. Nikasubiri. Watoto waliendelea kushuka chemchemini, na mimi nikiwasindikiza mpaka kwenye mashimo na kurudi mbio kwenye sufuria. Shemeji akawa anapita jikoni kwangu kila siku ya mnada, anakula, anafuta mdomo. "Shemeji, zile pointi zimefika wapi? Zimeshapita Musoma?" Wachimbaji wakacheka. Nilicheka nao kwa meno tu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kila usiku nilihesabu haya: bati iko, mfereji uko, chini ya mfereji kuna hewa.

Likaja mchana, juu ya lori, limefungwa kamba, jeusi, kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye picha. Dereva alisimama barabarani, akaangalia maduara, akakataa kuingia. Alisema lori lake halina mabawa. Nikashika kiuno. Kisha nikaona vijana wanatoka mashimoni, weupe kwa vumbi, mmoja, wengine, wengi, wanauliza ni nini hicho. Wakaambiwa ni la mama lishe, amepewa na benki kwa kununua bati.

"Amepewa? Bure?"

"Kwa pointi!" akajibu mwingine, kama vile ni yeye aliyezivumbua.

Walilibeba. Wakaliinua juu ya vichwa vyao na kupita nalo katikati ya mashimo, wakiimba ule wimbo wanaovutia nao kamba ya ndoo kutoka chini, tangi likielea juu ya watu kama jeneza la jitu, ila kwa furaha. Mbele kabisa, shingo imekaza, alikuwa yule niliyempiga mwiko. Alipoliweka chini uani kwangu alisimama mbali kidogo. "Mama, chakula kipo?" Nikampa nyama. Sikumsamehe, nilimlisha, hayo ni mambo mawili. Lakini nikamwita mjukuu wangu mkubwa atoke asimame karibu yangu, na nikamwambia kijana yule mbele ya wenzake, "Huyu humwoni tena kule chini." Akainamisha kichwa, akala.

Shemeji alifika jua likielekea kuzama, akalizunguka tangi mara mbili, akaligonga kwa fimbo. Likalia kama ngoma. "Tumelipata," akasema. Tumelipata! Nikamwacha. Alisema vizuri siku ile dukani, nilikuwa sijasahau.

Mvua ya kwanza ilikuja Jumamosi, mchana, na upepo na kelele yote. Nilisimama uani nimelowa, sikio kwenye tangi, mke mwenzangu upande wa pili na sikio lake. Mwanzoni lilikuwa kama mtu anamimina mahindi kwenye debe. Kisha sauti ikawa nzito, ikawa ya maji juu ya maji. Tulikuwa tunagonga kwa vidole kutafuta yamefika wapi, na kila tulipogonga yalikuwa yamepanda.

"Sasa utaoga kila siku kama mke wa mkuu wa wilaya," akasema.

"Na wewe utakuja kuchota bila kubisha hodi."

"Nani alisema nitabisha?"

Jumatatu, mjukuu mkubwa aliamka kama kawaida, akachukua dumu, akafika mlangoni, akasimama. Alikuwa amevaa sare tayari na giza lilikuwa limeshaondoka, na hakuwa na mahali pa kwenda na lile dumu. Akalirudisha chini. Akafungua bomba la tangi kidogo, akanawa uso, akafunga, akafungua tena akanawa miguu. Wadogo zake wakamfuata. Waliondoka kwenda shule viatu vikiwa vikavu, wakaniambia baadaye kwamba walifika mwalimu hajafungua darasa, wakacheza mdako mlangoni.

Mimi nilipobaki peke yangu nilijaza beseni mbili, zikafurika. Nikaingia nyuma ya nyumba, nikaoga saa nne asubuhi, siku ya kazi, naimba kwa Kikurya kwa sauti kubwa mpaka mbuzi wakanyamaza. Wachimbaji walikuja wakakuta sufuria haijabandikwa, wakaanza kulalamika. Nikawaambia kutoka kule kule nyuma wangoje.

Na yale maji ya beseni, yote, nikayamwaga chini kusudi, na hakuna aliyeshuka tena.